Kuhamia Maine: kodi si tatizo kubwa kama tangi la mafuta

Anayetoka Houston au Phoenix akiitafakari Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, huogopa vitu viwili, baridi na kodi. Baridi anaiogopa kwa sababu nzuri. Kodi anaiogopa bila kupiga hesabu. Ameshasoma mahali kwamba Maine ni miongoni mwa majimbo yanayotoza sana, ameona asilimia 7.15 imeandikwa, akafunga ukurasa.

Kwanza tuelewane lugha, maana Kiswahili chetu kinatuponza hapa. "Kodi ya nyumba" kwa wengi wetu ni pesa anayolipwa mwenye nyumba kila mwezi. Katika makala haya hiyo nitaiita pango. Kodi ya majengo ni ile anayotozwa mwenye nyumba na mji wake, nayo haifanani hata kidogo na ile inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kule Tanzania bila mtu kuisikia.

Kodi ya mapato ya jimbo ina ngazi tatu: asilimia 5.8, 6.75 na 7.15. Chukua mume na mke wenye watoto wawili, wanaoingiza pamoja dola 60,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2024 wanaondoa kwanza makato ya kawaida ya dola 29,200, kisha dola 5,000 kwa kila mmoja wao wawili. Zinabaki 20,800, na asilimia 5.8 yake ni kama dola 1,206. Kila mtoto anapunguza dola 300 kutoka kwenye kodi yenyewe, kwa hiyo wanadaiwa takriban dola 606 kwa mwaka mzima. Texas wangelipa sifuri, ni kweli. Lakini dola 606, mafuta ya kupasha nyumba yakiwa dola 3.50 kwa galoni, ni galoni 173. Hazijazi hata tangi moja.

Anayeumia ni mtu mmoja asiye na watoto mwenye mshahara mzuri. Muuguzi anayepata dola 90,000, kwa viwango vilevile, atalipa jimbo karibu dola 4,540. Huyo ana haki ya kunung'unika. Kama ana mkopo wa chuo, hata hivyo, asisahau nafuu ya walipa mikopo ya elimu: kuanzia mwaka wa kodi 2022 jimbo linarudisha hadi dola 2,500 kwa mwaka, kwa kikomo cha dola 25,000 maishani, na si lazima awe amesoma Maine. Wenye kipato kidogo wana kitu kingine ambacho wapangaji wengi hawakidai kwa kudhani ni cha wenye nyumba peke yao. Ni nafuu ya kodi ya majengo, inayohesabu asilimia 15 ya pango ulilolipa kama kodi ya majengo. Unaidai kwenye fomu ya kodi ya jimbo, na anayekuandalia fomu asipokuuliza ulilipa pango kiasi gani, mwambie mwenyewe.

Kodi ya mauzo ni asilimia 5.5 jimbo zima, na miji haiongezi juu yake. Texas, inayosifiwa kwa kutotoza mapato, hufika 8.25 ukijumlisha na ya mji. Unga, mchele, maharage na nyama mbichi havitozwi Maine. Chakula kilichopikwa cha mgahawani hutozwa asilimia 8. Jirani New Hampshire haina kodi ya mauzo wala kodi ya mishahara, na kila mgeni hupata wazo lilelile la kuishi Maine na kufanya kazi au ununuzi ng'ambo ya mpaka. Halifanyi kazi. Mkazi wa Maine anatozwa na Maine hata mshahara wake ukitoka New Hampshire, na anayeishi New Hampshire akafanya kazi Maine analipa Maine kwa kazi hiyo. Gari ulilonunua huko bila kodi utalilipia kodi siku ya kulisajili.

Kodi inayowashangaza wageni kuliko zote ni ya gari. Kila mwaka, kabla ya kupata usajili, unapita ofisi ya mji wako kulipa ushuru unaokokotolewa kwa bei ya gari lilipokuwa jipya dukani, si bei uliyonunulia. Mwaka wa kwanza ni dola 24 kwa kila 1,000, wa pili 17.50, wa tatu 13.50, wa nne 10, wa tano 6.50, na kuanzia wa sita ni 4 tu. Gari lililouzwa dola 30,000 likiwa jipya litatozwa 720, kisha 525, 405, 300, 195, halafu 120 kila mwaka. Ndiyo maana gari la miaka sita lisilo na kutu ni mali hapa, na ndiyo maana ukinunua la kifahari lililotumika kwa bei ya kutupa bado utalipa kama tajiri. Una siku 30 tangu uwe mkazi kusajili gari na kuomba leseni ya Maine. Beba hati ya umiliki, bima, uthibitisho wa anwani na risiti ya kodi ya mauzo uliyolipa kwenye jimbo ulikotoka, usije ukalipishwa mara ya pili.

Kodi ya majengo inapangwa na kila mji, kwa dola kadhaa kwa kila 1,000 za thamani. Nyumba iliyothaminiwa dola 300,000 kwenye mji unaotoza 15 inalipiwa 4,500 kwa mwaka. Ukiwa umemiliki makazi yako Maine kwa miezi 12 kabla ya tarehe 1 Aprili, unaweza kuomba dola 25,000 za thamani zisihesabiwe, na hapo unaokoa 375. Tarehe hiyohiyo ndiyo mwisho wa kuomba, na halmashauri haitakupigia simu kukukumbusha. Kabla ya kununua, uliza ofisi ya mji ni lini walithamini nyumba mara ya mwisho. Mji uliokaa miaka mingi bila kuthamini upya una kiwango kinachodanganya: nyumba zimeandikwa bei za zamani, na siku wathamini watakapopita bili yako inaweza kuruka hata kama kiwango kimeshuka. Zaidi ya nusu ya eneo la Maine ni ardhi isiyo na serikali ya mji kabisa, na kodi yake ni ndogo. Ni ndogo kwa sababu huduma nazo ni chache.

Sasa tuje kwenye kinachokula pesa kweli.

Maine ndiyo jimbo linalotegemea mafuta ya kupasha nyumba kuliko lingine lolote Marekani. Nyumba nyingi zina tangi la galoni 275 kwenye besimenti, ambalo hubeba kama 250 kwa sababu lazima ibaki nafasi ya hewa. Nyumba kuukuu yenye madirisha yanayopitisha upepo inaweza kula galoni 900 kwa msimu. Kwa dola 3.50 hizo ni 3,150, zaidi ya mara tano ya kodi ya mapato ya ile familia yetu. Nyumba ya ukubwa huohuo iliyozibwa vizuri darini na kwenye besimenti inaweza kutumia nusu. Kwa hiyo anayelinganisha pango la dola 1,500 na la 1,750 bila kuuliza joto linalipwa na nani hajalinganisha kitu.

Uliza hivi, kwa maandishi: joto limo ndani ya pango au nje? Linatoka wapi? Miezi 12 iliyopita lilitumia kiasi gani? Swali la mwisho si usumbufu. Sheria ya Maine inampa anayetaka kupanga haki ya kupata taarifa za matumizi kutoka kwa anayeuza nishati hiyo. Tena mwenye nyumba anatakiwa na sheria awe na mfumo unaoweza kushikilia nyuzi 68 za Farenhaiti ndani, yaani 20 za Selsiasi, hata nje kukiwa 20 chini ya sifuri ya Farenhaiti. Siku ya kuingia piga picha geji ya tangi na muandikishane, maana ukiingia likiwa robo na ukatoka likiwa limejaa umemwachia mtu zawadi ya dola mia kadhaa.

Ogopa nyumba yenye hita za umeme zilizopigwa chini ya kuta. Mwenye nyumba huzipenda kwa sababu ni rahisi kufunga na bili si yake. Umeme wa Maine ni ghali kuliko wastani wa nchi, na hita hizo hutoa joto sawa na umeme zinaoula, basi. Pampu ya joto ni kitu kingine kabisa. Inahamisha joto la nje kuingia ndani na kwa siku za kawaida za baridi hutoa mara mbili hadi tatu ya umeme inaotumia. Maine ilifikisha pampu 100,000 mwaka 2023, miaka miwili kabla ya lengo lake, kwa hiyo zile hadithi kwamba hazifanyi kazi kwenye baridi zimepitwa na wakati. Ila usiku wa baridi kali nguvu yake hushuka, na umeme ukikatika kwa dhoruba hunyamaza kabisa. Nyumba ya shamba inahitaji chanzo cha pili.

Kuni ni chanzo kizuri cha pili, na wengi wetu tunadhani kuni tunazijua. Hapa zinauzwa kwa kodi, na hii kodi haina uhusiano na serikali: ni rundo lililopangwa la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128. Zikimwagwa ovyo kutoka kwenye lori, kodi moja ya vipande vifupi hujaza futi 180, kwa hiyo usikubali 128 zilizomwagwa. Na uliza zimekauka tangu lini. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yake, kisha moshi wake baridi huganda ndani ya dohani kama lami. Lami hiyo ndiyo inayowaka Januari na kuchoma nyumba. Mti unaotaka kuuchoma baridi hii ulitakiwa uwe umepasuliwa na kupangwa mwaka jana au mwanzoni mwa msimu wa joto. Vijiti vilivyoshindiliwa vya mbao, pelleti, ni safi zaidi: tani moja ni mifuko 50 ya ratili 40 na inakaribia joto la galoni 120 za mafuta. Jiko lake nalo linataka umeme.

Jambo moja la kusema bila kuzunguka: jiko la mkaa haliingii ndani, hata dirisha likiwa wazi, hata umeme ukiwa umekatika siku mbili. Nyumba za huku zimezibwa. Gesi ya mkaa inayoua haionekani wala hainuki. Jenereta vilevile hukaa nje mbali na dirisha, na baada ya theluji kubwa unazunguka nyumba kufukua mdomo wa bomba la moshi la boila, mtambo unaopasha nyumba, unaotokea ukutani.

Tangi usiliache lishuke chini ya robo. Likikauka, tope la chini huvutwa kwenye bomba, hewa huingia, na boila haiwaki hata ukijaza mafuta mpaka fundi aje kuitoa hewa. Usiku wa Jumapili fundi huyo ni ghali. Wauzaji wengi hawaleti chini ya galoni 100, kwa hiyo lazima uwe na hiyo pesa mkononi kabla geji haijashuka. Ukikwama kweli, galoni tano au kumi za dizeli ya kituo cha mafuta zitakuvusha siku moja au mbili. Petroli kamwe. Kama tangi liko nje, au unaishi kwenye nyumba ya kuvutwa, muuzaji ataleta mafuta ya taa au mchanganyiko, maana mafuta ya kawaida huanza kuganda kama samli kwenye baridi kali. Wenye kipato kidogo waombe msaada wa jimbo wa kupasha nyumba mapema, msimu wa joto, kupitia shirika la huduma za jamii la kaunti yao. Anayeomba Januari yuko nyuma ya foleni ndefu.

Mabomba ya maji hupasuka kwa sababu mtu aliyezoea kubana matumizi alizima joto akienda kazini. Usishuke chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, ambazo ni 13 za Selsiasi, hata ukisafiri. Usiku wa baridi kali fungua milango ya kabati chini ya sinki lililo kwenye ukuta wa nje ili joto liingie, na acha bomba lidondoke tone kwa tone. Bomba likiganda, fungua koki ya sinki kisha pasha bomba kwa kikausha nywele ukianzia upande wa koki kurudi nyuma, usitumie moto. Na kabla ya yote hayo, siku ya kwanza kabisa, jua koki kuu ya nyumba iko wapi.

Mapande ya barafu yanayoning'inia ukingoni mwa paa hupendeza kwenye picha. Kwa anayekagua nyumba ni dalili ya ugonjwa. Joto linavuja darini, linayeyusha theluji ya juu, maji yanateremka hadi ukingo wa baridi na kuganda tena, yanajenga bwawa, bwawa linaingia chini ya vigae na kushuka ukutani. Kulivunja kwa shoka kunaharibu paa. Dawa ni kuziba dari.

Karibu nusu ya wakazi wa Maine wanakunywa maji ya kisima chao wenyewe. Sisi tumelelewa kuchemsha maji yasiyoaminika, na hapa mazoea hayo yanaweza kukuumiza: tatizo la visima vya Maine ni arseniki, sumu iliyomo kwenye mwamba, isiyo na ladha wala harufu, na ukichemsha maji yanapungua, yenyewe inabaki, inakolea zaidi. Peleka sampuli maabara kabla ya kusaini. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita. Ikizidi, chujio la kusukuma maji kwa presha kwenye bomba la jikoni hutosha kwa maji ya kunywa na kupikia. Pima na radoni ya besimenti, gesi ya mionzi itokayo ardhini, kwa wakati huohuo. Halafu uliza swali ambalo mtu wa kusini halimjii: barabara hii inaondolewa theluji na nani? Barabara nyingine ni za binafsi, na miji inaruhusiwa kuzifunga baadhi ya barabara zake msimu wa baridi. Bei nzuri ya nyumba wakati mwingine maana yake ni hiyo.

Gari lililotoka kusini lifike kwa fundi kabla ya Novemba. Wengine bado wana mazoea ya kuongeza maji matupu kwenye rejeta. Hapa yataganda na kupasua injini. Nusu maji, nusu kizuia barafu, inalinda hadi kama nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Maji ya kuosha kioo ya kiangazi nayo yamwage yote, yataganda barabarani ukiwa huoni mbele. Betri iliyokuwa inasuasua Texas itakufa. Chumvi ya barabarani hula chini ya gari, na Maine hukagua magari kila mwaka: kutu iliyotoboa pembeni chini ya milango au kwenye chesisi haipiti. Kupaka mafuta ya kuzuia kutu kila vuli ni nafuu kuliko kuchomelea. Vijijini usiku endesha polepole, hasa Mei na Juni, kwa ajili ya musi, mnyama mweusi wa jamii ya kulungu mwenye miguu mirefu. Macho yake yako juu ya mwanga wa taa zako, kwa hiyo hutayaona yakimetameta, na ukimgonga miguu, mwili wote unakuja kwenye kioo.

Wapi hasa? Waswahili, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wako zaidi Portland, Westbrook na Lewiston, ambako Wasomali walianza kufika 2001. Huko kuna mabasi kiasi na kazi za hospitali na nyumba za wazee. Maine ndilo jimbo lenye wazee wengi kuliko yote kwa umri wa wastani, na kazi hizo hazitaisha karibuni. Ukipanda kaskazini hadi kaunti ya Aroostook nyumba ni rahisi sana, lakini Caribou, mji wa huko, iko kama maili 300 kutoka Portland na hupata theluji ya takriban inchi 110 kwa mwaka. Bila gari huishi. Portland yenyewe haina nyumba za kumtosha kila mtu: mwaka 2019 watafuta hifadhi zaidi ya 400, wengi kutoka Kongo na Angola, walilazwa kwenye ukumbi wa michezo. Usifike na watoto Januari kwa ahadi ya simu tu.

Giza nalo linataka maandalizi. Katikati ya Desemba jua la Portland linazama saa kumi na dakika tano jioni, na ngozi yetu nyeusi haitengenezi vitamini D kwa jua hilo dogo. Mwombe daktari apime, hasa kwa watoto na mama mjamzito. Shule za umma huwalisha wanafunzi wote bure, kifungua kinywa na mchana, na kwa familia ya watoto wanne hiyo ni pesa ya kuweka kwenye hesabu upande wa pili.

Mtu akitaka kuja kuangalia nyumba, asije Julai wala Oktoba, jimbo linapojipamba. Aje Machi mwishoni. Ataona maji yanayoingia besimenti, alama za barafu darini, na barabara za udongo zilizogeuka uji, ambazo malori mazito hukatazwa kuzipita mpaka zikauke. Asaini mkataba wa kupanga wa mwaka mmoja kabla ya kununua chochote. Bei ya mafuta ya msimu mzima aiulizie Julai. Tairi za theluji, nne, si mbili, aagize Septemba. Zenye misumari zinaruhusiwa kuanzia Oktoba 2 hadi mwisho wa Aprili, na theluji ya kwanza ikishaanguka fundi wa tairi atakupa miadi ya wiki mbili mbele.